Gari la Zimamoto Huja Mwisho

Swali la haraka kabla hujaendelea kuskroli. Moto ukishika saa hii kwa jirani yako, utapigia nani? Usitafute kwenye simu. Jibu tu.

Nimewauliza watu wengi hapa Kombani na jibu linalorudi sana ni hili: "Tutapiga kelele." Wachache wanasema polisi. Mmoja aliniambia atawasha laivu kwanza, na sidhani alikuwa anatania. Nambari za dharura ni 999 na 112, ziweke kwenye simu yako leo. Lakini lile jibu la kelele wala halikunichekesha, manake ndilo la kweli. Hapa kwetu moto ukiwaka, mtu anapiga mayowe, watu wanatoka na ndoo, vijana wanapanda juu ya mabati, mwingine anakimbia kutafuta mchanga. Sare hakuna, king'ora hakuna, lakini watu wamefika.

Leo ni historia, msikimbie. Nataka kuwaonyesha kwamba hao watu wenye ndoo ndio zimamoto ya kwanza duniani, na kwamba miji mingi tunayoionea wivu ilianzia hapo hapo. Tofauti yao na sisi si ujasiri. Wao walikaa chini wakajipanga. Sisi kila moto tunaanza upya kama hatujawahi kuona moto.

Jamaa aliyenunua nyumba zinazoungua

Tuanze mbali kidogo. Roma ya kale ilikuwa na maghorofa ya mbao yaliyobanana, na moto ulikuwa kitu cha kawaida. Palikuwa na tajiri mmoja anaitwa Crassus. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba Crassus alikuwa akinunua nyumba zinazoungua pamoja na za jirani zake, manake wenyewe kwa hofu walikuwa tayari kuuza kwa bei ya kutupa. Alikuwa na watumwa zaidi ya 500 wa kazi za ujenzi, kwa hiyo hasara ya wengine ilikuwa mtaji wake.

Baadaye akaja mwanasiasa, Egnatius Rufus, akaunda kikosi chake binafsi cha kuzima moto. Wananchi wakampenda, akapanda vyeo haraka mpaka wakubwa wakaingiwa na wasiwasi, na mwisho wake akauawa kwa tuhuma za njama. Mnaona vile mambo hayabadiliki? Miaka 2,000 iliyopita mtu alishajua kwamba kusaidia kwenye moto ni kura. Ukiona mheshimiwa anapiga picha na ndoo, jua si yeye aliyebuni.

Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto akaamua zimamoto isiwe biashara ya tajiri wala kampeni ya mwanasiasa. Akaunda kikosi cha dola, Vigiles, vikosi 7 vya kuzunguka mji usiku. Hilo ni somo la kwanza: jamii isipojipanga, kuna mtu atajipanga kwa faida yake.

Chama cha ndoo

Sasa rukeni mpaka London, mwaka 1666. Moto ulianzia kwa muoka mikate kwenye mtaa wa Pudding Lane, ukawaka siku 4, ukala nyumba kama 13,200. Mji mkubwa vile ulikuwa na nini cha kuuzimia? Ndoo za ngozi zilizowekwa makanisani, ngazi, na kulabu ndefu za chuma za kuvutia mapaa chini ili moto ukose cha kula. Mwisho wakaanza kulipua nyumba kwa baruti ili kuacha pengo. Baada ya hapo ndio kampuni za bima zikaanza vikosi vyao, kulinda nyumba zilizolipiwa. Kikosi cha umma cha London hasa kilikuja 1866. Yaani hesabu mwenyewe: miaka 200 kamili baada ya mji kuungua.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Philadelphia, Marekani, mwaka 1736. Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola 100, alianzisha na wenzake kikundi cha kuzima moto. Kikasimama kwa watu 30. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vitu vya mwenye nyumba visiungue wala visiibiwe. Walikutana kila mwezi. Usipokuja, unalipa faini. Na zile faini, Franklin mwenyewe aliandika, ndizo zilizonunua ngazi, kulabu na pampu. Watu wengine walipotaka kujiunga, wakaambiwa nendeni mkaanzishe chenu. Vikundi vikaongezeka mpaka mji mzima ukawa umefunikwa.

Mkutano wa kila mwezi. Daftari la mahudhurio. Faini ya kutohudhuria. Pesa ya faini inanunua kifaa cha kikundi. Jamani, hicho si chama? Mama zetu wanaendesha hivyo vyama kila Jumapili jioni bila kusoma historia ya Marekani. Hapa Kombani kuna vyama vya boda, vya akina mama wa sokoni, vya mazishi, vya kununua viti na masufuria ya harusi. Mtambo wa kuendesha zimamoto ya kijiji tunao tayari. Tunautumia kwa masufuria tu.

Kijana na tangazo lake

Kuna nchi ambayo mpaka leo wazimamoto wake ni wa kujitolea, hawalipwi mshahara. Ni Chile, Amerika Kusini. Mji wa bandari wa Valparaíso ulipata moto mkubwa mwishoni mwa 1850, na kufikia katikati ya 1851 wakazi wakawa na kikosi chao.

Mji mkuu, Santiago, ukangoja. Tarehe 8 Disemba 1863 kanisa likashika moto likiwa limejaa waumini, wengi wao wanawake. Watu walisukumana kuelekea milangoni, milango ikaziba kwa miili. Walikufa zaidi ya 2,000 kwa jioni moja. Siku chache baadaye kijana mmoja, José Luis Claro, akaweka tangazo fupi gazetini: vijana wanaotaka kuunda kikosi cha zimamoto waje tukutane. Tarehe 20 Disemba, siku 12 tu baada ya msiba, kikosi cha Santiago kikaundwa. Kipo mpaka leo.

Nalirudia kwa sababu wengi wenu mna simu na mna wafuasi. Huyu jamaa alichofanya ni posti. Posti moja yenye mahali na saa ya kukutana. Sisi baada ya msiba tunaposti mishumaa.

Na sisi Waswahili je?

Msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu. Pwani yetu imejuana na moto kitambo sana. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliiteka Mombasa wakaichoma. Mji ulikuwa na nyumba za mawe za kupendeza, nyingine za ghorofa, na vichochoro vyembamba. Lakini pembeni ya nyumba za mawe kulikuwa na vibanda vya miti na makuti, na hivyo ndivyo vilivyobeba moto kutoka nyumba hadi nyumba. Jiwe lilisimama, makuti yakasafirisha moto. Ukipita Diani ukaona hoteli zimeezekwa makuti, au ukija huku kwetu ukaona jiko la nje limeegemea nyumba ya bloku, ni ile ile hadithi ya 1505, ila sasa kuna mtungi wa gesi katikati.

Na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika kila mwaka kuukaribisha mwaka mpya wa kienyeji, kwa kawaida mwezi wa Julai. Katika sherehe hiyo kibanda kidogo kinachomwa moto huku kukiwa na watu ndani. Wanachomoka mbio, na wenzao wanakimbilia kusaidia. Watalii wanapiga picha. Lakini wenyewe wanaeleza maana yake: mwenzako akipatwa na janga, ni wajibu wako kufika. Mimi nikiliangalia lile tukio naona zoezi la moto. Wazee wetu walichukua wajibu wa jirani wakaufanyia mazoezi mara moja kwa mwaka, hadharani, watoto wakiangalia. Maofisi mangapi ya Nairobi yanafanya hivyo?

Kwa hiyo wazo la kujitolea halikuja na meli. Lilikuwa hapa. Kilichokuja na ukoloni ni lile gari, na gari likaenda mjini.

Gari la mjini na feri ya Likoni

Kenya tulirithi mfumo ambapo zimamoto ni kitu cha manispaa. Bandari ina zimamoto, uwanja wa ndege una zimamoto, mji mkubwa una zimamoto. Vijiji na vituo vya njia panda vikabaki na Mungu na majirani.

Kwa asiyejua, Kombani ni njia panda. Ukitoka Likoni, kulia unapanda Kwale mjini, ukinyoosha unaenda Ukunda, Msambweni mpaka Lunga Lunga na Tanzania. Magari yote ya kusini mwa pwani yanatupita. Lakini kwa miaka na mikaka, msaada wowote mkubwa kutoka kisiwani Mombasa ulikuwa lazima uvuke feri. Kila mtu wa huku anajua feri ya Likoni. Ambulensi inapewa nafasi, sawa, lakini maji ni maji, na moto haujui kwamba unasubiri feri. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayotokea Kibundani, na imesaidia. Bado ni safari.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ikasema wazi kwamba huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga ni kazi ya serikali za kaunti. Kaunti zikaanza kazi 2013. Hilo ni jambo zuri na nalishikilia: gari, maji, mafunzo na mishahara ya wazimamoto ni deni ambalo kaunti inatudai sisi kura na sisi tunaidai kazi. Sitamwachia mtu.

Lakini hata kaunti ikiwa na magari mazuri kiasi gani, hebu fikiria saa. Moto wa chumba chenye godoro la sponji na pazia unaweza kukimaliza chumba kwa dakika chache tu. Moshi unaua kabla ya moto. Dereva wa zimamoto hata awe malaika, apigiwe simu, atoke, apite matuta, atafute njia ya kuingia uchochoro ambao hauna jina wala nambari ya nyumba. Zile dakika za kwanza hazijawahi kuwa za gari. Ni zako wewe na jirani yako. Hivyo ndivyo ilivyo hata London leo.

Bombolulu

Sasa nifike mahali ambapo hii historia inauma.

Mwezi wa Machi 1998, bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu lilishika moto usiku. Si Bombolulu ile ya Mombasa, hii ni shule iliyoko upande wa Mazeras, ndani ya Kwale yetu. Walikufa wasichana 26. Bweni lilikuwa limebanana. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yana vyuma.

Nimeshangaa ni vijana wangapi wa rika langu hapa Kwale hawalijui jina hilo. Wanaijua Titanic na kila chumba chake, Bombolulu hawaijui. Wale wasichana sasa wangekuwa na miaka arobaini na kitu. Wangekuwa mama zenu na shangazi zenu, mwalimu aliyekufundisha hesabu, nesi wa Msambweni.

Nataka muone kitu. Katika msiba ule, gari la zimamoto si ndio jambo la kwanza la kuuliza. Jambo la kwanza ni ufunguo. Watu wanaotaka kutoka wako ndani, watu wanaotaka kusaidia wako nje, na katikati kuna kufuli na vyuma vilivyowekwa kwa nia njema kabisa, ya kuwalinda wasichana. Vyuma vinavyozuia mwizi kuingia ndivyo vinavyozuia mtoto kutoka.

Miaka 3 baadaye, Machi tena, 2001, Shule ya Kyanguli kule Machakos. Wavulana 67. Bweni lina milango 2, mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yana vyuma. Ni kama nchi ilikuwa imesoma kisa cha Bombolulu kisha ikafunga kitabu.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Na ni mwongozo mzuri, nendeni mkausome. Unasema bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, iwe na upana wa angalau futi 5. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Kila mstari wa mwongozo huo una kaburi chini yake. Ule wa vyuma vya madirisha ni wa Bombolulu na Kyanguli.

Halafu Septemba 2017 tukapoteza wasichana wa Moi Girls, Nairobi. Halafu Septemba 2024, Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto 21. Karatasi ilikuwepo miaka 16.

Kwa hiyo mtu akiniambia Kenya haina sheria za moto, namwambia tunazo. Hata kazini, kanuni za mwaka 2007 zinataka kila sehemu ya kazi iwe na kikosi chake cha kuzima moto miongoni mwa wafanyakazi, na zoezi la moto angalau mara moja kila miezi 12. Wewe unayefanya kazi hotelini Diani au kwenye supamaketi Ukunda, ulishawahi kufanya zoezi? Mahali pa kukusanyikia unapajua? Sheria bila mtu wa kuuliza ni mapambo. Na anayeweza kuuliza kila wiki si afisa wa Nairobi. Ni mtu anayeishi hapa, ambaye mtoto wake analala kwenye lile bweni.

Ujasiri bila mpango

Kuna upande wa pili, na lazima niuseme ili nisionekane nawasifu majirani bure.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu wakaja na ndoo na mitungi. Safari hii si ya kuzima, ni ya kuchota. Petroli ikawaka. Walikufa zaidi ya watu 110. Mwaka 2011 Nairobi, mtaa wa Sinai, bomba la mafuta, watu kama 100. Agosti 2019 Morogoro, Tanzania, lori tena, zaidi ya 100, na wengi walikuwa vijana wa bodaboda waliowahi kufika kwa sababu wao ndio huwahi kufika kila mahali.

Mimi naishi kwenye barabara hiyo ya malori. Kila siku yanapita hapa kuelekea Lunga Lunga. Sitaki kuwahubiria wale waliokufa, manake umaskini si kosa la mtu na lita 20 za petroli ni pesa. Ninachosema ni kwamba watu wale wale wanaofika haraka kuliko gari lolote wanaweza kuwa kinga ama wanaweza kuwa maiti, na kinachotofautisha ni kama kuna mtu aliyepewa kazi ya kusema: rudini nyuma, hakuna sigara, hakuna kuwasha pikipiki, zimeni simu, mita zote hizi hakuna mtu. Mvuke wa petroli hauonekani na unatambaa chini. Huhitaji kuwa karibu na lori ili ukufikie.

Ninachotaka Kombani

Nataka kikosi cha watu 30, kama kile cha Franklin. Wasubiri msaada mkubwa wakiwa kazini, si wakiwa wamekunja mikono.

Wawemo vijana wa steji ya boda, manake wanajua kila uchochoro na wanaweza kulipokea gari barabarani wakaliongoza. Wawemo mafundi wa stima wanaojua kukata umeme kabla mtu hajamwaga maji. Wawemo mama wa sokoni, wanaojua nani amelala wapi na nani ana bibi asiyeweza kutembea. Awepo mlinzi wa kila shule, mwenye ufunguo wa pili wa kila bweni shingoni.

Vifaa si vya ajabu. Ndoo zilizopakwa rangi ili zisiende shamba. Mapipa ya mchanga karibu na wauza petroli wa chupa na karibu na mafundi wa kuchomelea. Ngazi 2. Na kulabu ndefu, kama ule upembo wetu wa kuangulia maembe lakini wa chuma, kwa ajili ya kuvuta makuti ya nyumba ya jirani kabla moto haujaruka. London ilitumia hiyo hiyo.

Mafunzo yapo ya kuombwa. Kaunti ina wajibu, na Msalaba Mwekundu wa Kenya umekuwa ukifundisha watu wa kujitolea tangu sheria yake ya 1965. Na mambo ya msingi ni machache. Mafuta ya chipsi yakiwaka usimwage maji, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Gesi ikivuja usiguse swichi, fungua milango, toa watu, manake gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na inakaa chini ikisubiri cheche. Chumba kikijaa moshi, tambaa, hewa iko chini. Ndoo ziende kwa mistari miwili, mmoja wa zilizojaa na mmoja wa tupu, watu wasigongane. Na hakuna mtu wa kujitolea kuingia ndani ya nyumba inayowaka ati kwa sababu wenzake wanarekodi.

Najua mtakachosema. "Hiyo ni kazi ya kaunti, tukiifanya sisi watalala." Nimeisikia na haina uzito kwangu. Kikosi kilichojipanga kinajua kudai. Watu 30 wenye daftari la kila moto, saa uliyoanza, saa gari lilipofika, wanaenda kwenye kikao cha bajeti na karatasi mkononi. Kelele mtaani hazina daftari. Kule Chile watu wa kujitolea hawakuifanya serikali ilale. Waliifanya ichangie.

"Vijana hawana kazi, watajitolea vipi bila posho?" Hili ni zito na siwezi kulikanyaga. Mtu hali kwa sifa. Ndio maana nasema siku za mafunzo nauli na chakula zilipwe, bima ya ajali iwepo, na kaunti ikiajiri wazimamoto ianze na waliokuwa kwenye kikosi cha kijiji. Lakini pia tuambiane ukweli: kwenye maskani yetu tunakaa bure saa 4 kila jioni. Mkutano mmoja kwa mwezi hautaua mtu.

"Watu watatumia moto kuiba." Ndio, huwa inatokea. Franklin alilijua hilo 1736, ndio maana mifuko ile ilikuwa na wenyewe na majina yanajulikana. Kikosi chenye majina ndicho dawa ya wizi wa kwenye moto.

Tarehe 20 Disemba 1863 wale vijana wa Santiago hawakuwa na gari. Walikuwa na majina yao kwenye karatasi na maiti 2,000 akilini. Sisi tuna 26 wa kwetu, na hatujaandika jina hata moja.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Usiku wa leo, kabla hujalala, tafuta ufunguo wa kila mlango wa nyumbani na wa kila dirisha lenye vyuma, kisha hakikisha hata mdogo wako wa miaka 7 anaweza kuupata gizani. Wewe wa bwenini, kesho muulize mwalimu ule mlango wa katikati unafunguka upande gani. Uliza kwa heshima, lakini uliza mpaka ujibiwe.

Na wewe wa Kombani, wa Ng'ombeni, wa Waa, wa Tiwi: jina la kwanza kwenye karatasi ni langu. Yamebaki 29.